Wiktionary: andika "pole" uone kinachotokea

Ukitafuta "pole" kwenye toleo la Kiingereza la Wiktionary, kamusi huru ya mtandaoni iliyoanza Desemba 2002, hupelekwi moja kwa moja kwenye Kiswahili. Unafungukiwa na ukurasa wa tahajia: kila lugha inayoandika p-o-l-e ina sehemu yake humo. Kwa Kiingereza ni nguzo au mti mrefu. Kwa Kipolandi na Kicheki ni shamba. Kwa Kiestonia ni kitenzi "kuwa" kilichoungana na kikanushi, yaani "si" au "hakuna". Pole yetu ya kumfariji mtu iko chini huko, maana Kiingereza hutangulizwa, kisha lugha nyingine hufuata kialfabeti kwa majina yake ya Kiingereza. Ukichoka kushuka, ongeza #Swahili mwishoni mwa anwani ya ukurasa.

Kinachowapoteza wengi ni herufi kubwa na alama za juu. "Pole", mtu wa Poland kwa Kiingereza na Kijerumani, ina ukurasa wake; "pôle" ya Kifaransa, ncha ya dunia, ina wake pia. Vivyo hivyo sumu ya Kijerumani iko kwenye "Gift", si "gift". Ukiingia kwenye hiyo ya herufi ndogo utakuta zawadi ya Kiingereza, na neno la Kiswidi lenye maana ya sumu na pia ya mtu aliye kwenye ndoa (chekeni taratibu). Mstari mdogo ulio juu kabisa ya ukurasa una viungo vya tahajia hizo jirani. Usiuruke.

Kwa Kiswahili, kamusi hii inataka ujuzi kidogo wa sarufi. Usitarajie ukurasa wa "alipopikiwa". Vua viambishi, kisha tafuta shina na kistari chake: -pika. Sifa nazo ni hivyo hivyo: -zuri. Ndiyo maana kaa wa baharini na kaa la moto wanakaa ukurasa mmoja, ila kitenzi -kaa kiko kwingine.

Sehemu ya asili ya neno ndiyo inayostahili sifa zaidi. Hapo ndipo unapojua kwamba "pole" ya Kipolandi na ya Kicheki ni ndugu wa damu, na zile za Kiingereza (nguzo), Kiestonia na Kiswahili zimefanana sura tu. Sehemu hiyo ikikosekana, usikisie undugu.

Maelezo ya toleo hili ni ya Kiingereza. Toleo la Kiswahili lipo, ila maneno yake bado ni machache mno kwa kazi kama hii.