Valvu ya moyo: ya mtoto wa Mabatini na ya mzee wa Ulaya

Huku Mwanza, mgonjwa wa valvu, yaani vilango vya moyo vinavyozuia damu kurudi nyuma, mara nyingi ni kijana. Mtoto wa miaka 5 hadi 15, analala chumba kimoja na wenzake wanne pale Mabatini, anaumwa koo. Anasukutua maji ya chumvi, linapoa. Wiki 2 au 3 baadaye goti linavimba, kisha kiwiko: homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria wa koo imegeukia moyo. Valvu, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, inabaki na makovu. Wengine hugundulika ukubwani, wakiwa wajawazito, wakihema kupanda vilima vyetu vya mawe. Inaniuma sana, maana penisilini ingeliwahi lile koo.

Ulaya na Marekani nako kulikuwa hivyo hivyo miaka 100 iliyopita. Msongamano ukapungua, dawa zikaja. Leo huko wanaougua zaidi ni wazee, kalsiamu ikigandamana kwenye valvu ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Hakuna kidonge cha kuizuia, hubadilishwa valvu.

Yetu huzuilika: aliyewahi kuugua homa hiyo huchomwa penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka.