Oili ya difu: ipi ununue kama unabadilisha mwenyewe nyumbani

Oili ya injini kila mtu anaijua, ikifika kilomita elfu tano mtu anakimbilia gereji, ila difu, kile kiboksi cha gia kinachopeleka nguvu kwenye tairi, imekaa zake huko chini haimsumbui mtu, gari linashuka bandarini kutoka Japani linatembea miaka na oili ile ile mpaka siku linaanza kuvuma ukifika spidi themanini ndo watu wanaulizana tairi au bearing. Kazi yenyewe ya kubadilisha ni nyepesi kuliko ya injini, hamna filta, ni nati mbili basi. Shida iko dukani. Nenda Gerezani pale Kariakoo sema "nipe oili ya difu", utapangiwa makopo mezani na muuzaji anakwambia zote zinafanya kazi moja. Hapana.

Kabla hujaangalia brandi, geuza kopo usome nyuma, unatafuta API GL-5, hilo ndo daraja la oili ya difu. Kwenye difu za hizi SUV zetu nyingi pinioni (gia ndogo) imekaa chini kidogo ya katikati ya krauni (gia kubwa), kwa hiyo meno yanazunguka huku yanaburuzana, na gari likiwa na mzigo ule mburuzo unaikamua oili itoke kati ya chuma na chuma. GL-5 ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi inayobaki pale pale kwenye jino, ndo maana inanuka vile. GL-4 ina dawa kidogo, hiyo ni ya gia boksi ya manyuali, ukiitia kwenye difu meno yanalika. Na usije ukageuza pia, ukabaki na GL-5 ya ziada ukaimalizia kwenye gia boksi inayotaka GL-4, zile pete za shaba za kuingizia gia hazipendi hiyo dawa.

Tatizo makopo yanafanana mno. Shell Spirax S2 A 80W-90 ni ya difu, Spirax S2 G 80W-90 ni ya gia boksi, tofauti ni herufi moja. Castrol Axle EPX ni GL-5, Castrol Manual EP ni GL-4. Mobilube HD ni GL-5, Mobilube GX ni GL-4. Ukimtuma dogo dukani mwandikie kwenye karatasi, maana akisema "90" tu anaweza kurudi na yoyote.

Haya, nilivyozipanga mimi.

Ya kwanza: 80W-90 GL-5 ya kawaida, kopo lenye sili, kutoka sheli kubwa. Ndiyo, ya kawaida, sio sinthetiki. Kitabu cha Land Cruiser na Prado za zamani kinataka GL-5 namba 90 kwenye joto lolote juu ya nyuzi hasi 18, na hasi 18 haipo hata Makete mwezi wa saba. Ile namba ya kabla ya W ni habari ya baridi, ya nyuma ndo ya joto, kwa hiyo kwa sisi wa Dar, Mombasa, Dodoma hii 80W-90 inamaliza kila kitu na bei haiumi, na kwa sababu haiumi hutaona uvivu kuimwaga ukishapita kwenye maji. Prado nyuma inakunywa karibu lita tatu na mbele moja na nusu hivi, galoni ya lita 5 inatosha zote mbili. RAV4 au X-Trail difu ya nyuma haifiki hata lita moja, usikubali kuuziwa galoni.

Ya pili: kopo la mtengenezaji mwenyewe. Nimeiweka ya pili kwa bei tu, ila kama gari lako ni jipya jipya, mfano Prado za karibuni ambazo kitabu kinataja 75W-85, basi kwako hii ndo ya kwanza, hamna mjadala. Nunua kwa dila au duka unalolijua, kwa sababu kopo lenye jina la Toyota linaweza kuwa limejazwa upya vichochoroni. Angalia pete ya mfuniko kama imekatika, angalia namba ya toleo kama inafutika ukisugua na kidole.

Ya tatu ni 75W-90 sinthetiki GL-5. Nzuri kweli, inavumilia joto la kuvuta trela au kupanda mlima Kitonga na watu saba na mizigo juu, na Subaru Forester kitabu chake kinaitaja 75W-90. Bei yake lakini mara nyingi ni mara mbili ya ile ya kwanza au zaidi, na kama gari ni la safari za mjini, Mbagala Posta, unalipia kitu ambacho difu haikigusi.

Ya nne, 85W-140. Hii ina watu wake, Land Cruiser hardtop za porini zinazobeba mzigo kwenye jua kali wiki nzima. Kwa wengine huwa inauzwa kama dawa ya difu inayolia. Nzito kweli, kelele inapungua kidogo, ila bearing iliyokufa imekufa, na gari linakuwa zito kuondoka asubuhi.

Ya mwisho, ya kupima kutoka kwenye pipa. Hujui GL ngapi, hujui nini kimechanganywa. Mimi ningebaki na oili ya zamani wiki moja nitafute hela kuliko kutia hii.

Kuna magari hayaingii kwenye hii listi kabisa. Honda CR-V ya 4WD difu ya nyuma ina klachi ndani na inatumia oili ya Honda yenyewe, Dual Pump Fluid, ukitia GL-5 gari linaanza kutetemeka ukikata kona. Difu zenye LSD (mfumo wa kuzuia tairi moja kuzunguka bure) zinataka oili iliyoandikwa LSD, chunguza stika au kibati karibu na nati ya kujazia. Na Forester ya otomatiki difu ya mbele ina oili yake, mbali na ya gia boksi, na za zamani zina kijiti chake cha kupimia, wako watu wamemwaga ya gia boksi wakidhani ni ya difu, halafu wakajaza difu mara mbili, gari likatoka nyumbani kwa breakdown.

Vifaa navyo vya kununua. Soketi namba 24 kwa Prado nyuma, aleni 10 kwa RAV4, Subaru inaingia ratchet ya nusu inchi moja kwa moja kwenye nati, CR-V ni ya tatu kwa nane. Pampu ya mkono ya kufunga kwenye kopo ndo bora, sirinji kubwa na mpira inafaa kwa difu ndogo, chupa ya kuminya utalowa mpaka kwapani.

Gari liwe sawa juu ya stendi, jeki peke yake usiiamini. Fungua nati ya juu kwanza, ya kujazia, kwa sababu ikigoma na ya chini umeshamwaga hilo gari haliendi popote. Nati ya chini nyingi zina sumaku, ukikuta uji wa kijivu laini kama wanja futa uendelee, ukikuta vipande vinavyogonga kwenye kucha mwite fundi. Oili nyeupe kama chai ya maziwa ni maji, safisha na ile briza (tundu la kupumulia) ya juu ya difu maana ikiziba sili zinavuja. Jaza mpaka ianze kudondoka yenyewe kwenye tundu la juu, acha ikatike, funga. Na nunua washa mpya za nati zote mbili.