Usajili mpya wa timu yetu: miguu ipo, vichwa havitoshi

Mwenye haraka achukue hukumu hii aondoke nayo: usajili wa msimu huu tunaupa 6 kwa 10. Timu imepata kipa wa uhakika, imeongeza kasi pembeni, na imemleta kiungo mkabaji ambaye jukwaa bado halijamshtukia. Lakini kushoto kwa nyuma pamebaki tundu lilelile la mwaka jana, na kwenye mipira ya juu ameongezeka mtu mmoja pale walipohitajika watatu. Yule winga anayeshangiliwa kuliko wote ndiye tunayemtilia shaka kuliko wote, na tutaeleza kwa nini.

Usajili hausifiwi kwa vipande vya video vinavyozunguka WhatsApp. Unasifiwa kwa pengo lililozibwa, na pengo letu linajulikana. Ligi ya mkoa wa Mtwara haichezwi Nangwanda Sijaona peke yake. Leo mpo mjini, wiki ijayo mpo Newala au Tandahimba, halafu Coaster inawapeleka Masasi, karibu kilomita 200, na siku nyingine inapitiliza hadi Mangaka. Mkishuka mnakuta uwanja mgumu, mpira ukidunda unafika kifuani. Pasi za futi tano tano zinaishia hapohapo. Mpira unapigwa mrefu, wawili wanaruka, unaangukia mahali, na anayewahi pale ndiye anayeondoka na pointi. Msimu uliopita hatukuwa tunawahi. Tukifungwa, mara nyingi ilikuwa ni kona, au ni mpira wa pili: beki wetu amepiga kichwa, mpira umetua nje kidogo ya kumi na nane, hapo hakuna mtu wetu, shuti, goli.

Kwa hiyo hizi mechi za kirafiki tumezitazama kwa jicho hilo. Na mechi za kirafiki zinadanganya, tusifichane. Kipindi cha pili kikosi kizima kimebadilishwa, wapinzani hawatii mguu, na kusi likivuma alasiri, timu inayocheza na upepo inaonekana ya Ligi Kuu. Sisi tumempima kila mchezaji kwenye kipindi alichocheza dhidi ya upepo. Ukitaka kufanya hivyo mwenyewe, achana na mpira. Mkodolee mtu mmoja kwa dakika nzima, uone anasimama wapi wakati hana mpira, anageuza kichwa mara ngapi kabla hajapokea, na akipokonywa anafanya nini katika sekunde tano za mwanzo. Anayeshika kiuno, andika jina lake.

Tuanze golini. Kipa mpya si mrefu wa kutisha, ila miguu yake inajua kazi. Kona ikiwekwa, hasimami kwenye mstari kama aliyemtangulia. Anasogea hatua moja na nusu mbele, katikati ya goli, mwili ameufungua kuelekea uwanjani, macho yake yanaona mpigaji na msongamano kwa pamoja. Mpira ukiinuka anaamua mara moja. Ukiangukia ndani ya boksi dogo ni wake, na akiona watu wengi mno hadaki, anapiga ngumi mbili kuelekea pembeni, si katikati. Hilo tu litatuokolea magoli.

Ana ila mbili. Ya kwanza ni kupenda kulalia mpira. Akidaka anaanguka, anajikunja, anainuka polepole, anaangalia kulia na kushoto. Zamani mwamuzi angemwonya, basi. Sheria iliyoanza msimu wa 2025/26 inasema kipa akiushika mpira mkononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi anainua mkono kuhesabu zile tano za mwisho. Timu inayoteseka na kona haiwezi kuzigawa bure. Kocha wa makipa amzoeshe kuinuka na kurusha ndani ya sekunde nne. Ila ya pili ni mpira wa goli dhidi ya upepo: anaegemea nyuma, mpira unapaa sana, kusi linaurudisha, unatua kwenye nusu yetu huku viungo wetu wameshakimbilia mbele. Dawa ni kuupiga chini chini kuelekea ubavuni, au kumpasia beki ndani ya boksi, jambo ambalo sheria inaliruhusu tangu 2019. Kwa Masasi hiyo njia ya pili tusiijaribu. Alama 8.

Beki wa kati aliyekuja kwa mkopo ndiye huyo mmoja wa mipira ya juu tuliyemtaja. Anaruka mapema, anaruka kwa mguu mmoja, na mikono yake inamlinda bila kumpa mwamuzi sababu. Kichwa cha kwanza anakishinda karibu kila mara. Shida ni kinakokwenda. Anaurudisha mpira katikati, ulikotoka, na pale ndipo tulipochinjwa mwaka jana. Beki wa kati anayepiga kichwa kuelekea mstari wa pembeni anampa mwenzake nafasi ya kupumua hata kama ni mpira wa kurushwa. Tena akigeuka upande wa kushoto anageuka kama lori, kwa hiyo mstari wa nyuma usipande juu akiwa yeye upande huo. Alama 7, na aanze kila mechi ya ugenini.

Mwenzake, yule kijana anayesifiwa kwa kuanzisha mashambulizi, tunampa 5. Pasi zake ni safi kweli, lakini anazipitisha mbele ya goli letu. Nangwanda, nyasi zikiwa zimemwagiwa maji, utapiga makofi. Kwenye kifusi mpira utagonga jiwe, utamkuta straika.

Beki wa kulia mpya ana mapafu, anapanda na kushuka dakika zote 90, na ana silaha ambayo hatukuwa nayo: mpira wa kurusha unaofika boksi dogo. Ukirushwa mpira moja kwa moja kwako hakuna kuotea, hivyo straika anaweza kusimama nyuma ya beki wa mwisho kabisa na mwamuzi msaidizi asiinue kibendera. Timu za mkoani zinasahau jambo hili kila wiki. Tatizo lake halipo uwanjani, lipo shambani. Familia ina mikorosho, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa hivi ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haumsubiri mtu. Salfa inapuliziwa alfajiri kabla upepo haujaamka, saa zilezile za mazoezi ya asubuhi. Kumpiga faini ni kupoteza muda. Kocha ahamishie mazoezi ya mbinu jioni, asubuhi ibaki ya kukimbia tu, maana kukimbia huyu hakumshindi. Alama 7.

Kushoto hakusajiliwa mtu. Amesogezwa winga wa mguu wa kulia, na kila mpira anaoupokea lazima aurudishe kwenye mguu wake kwanza. Mguso mmoja wa ziada, basi, lakini mguso huo ndio muda anaouhitaji mkabaji kufika. Wapinzani wenye akili watamfungia njia ya ndani, watamwacha apige kwa kushoto, na mpira utatoka nje. Hatumpi alama kwa sababu kosa si lake.

Sasa namba sita, yule kiungo mkabaji. Huyu ndiye usajili bora wa mwaka, na jukwaani hakuna anayemtaja, kwa sababu hapigi chenga, hapigi kanzu, na hajafunga goli. Mtazame mpira ukiwa hewani. Wakati wengine wote wanauangalia mpira, yeye anawaangalia wanaoruka. Akiona beki wetu ameruka vizuri, anakaa mita saba nane mbele yake. Akiona amezidiwa, tayari anarudi nyuma. Mpira unatua miguuni kwake, na watazamaji wanadhani ni bahati. Si bahati. Kabla ya mpira kumfikia ameshageuza kichwa mara mbili, anajua nani yupo mgongoni, na pasi inaondoka kwa mguso wa pili bila ufundi wowote wa kuonyesha. Ukabaji wake ni wa kumsindikiza mtu kuelekea pembeni. Haingii kwa kuteleza, na ndiyo maana kaptula yake inabaki safi huku wenzake wamekuwa wekundu kwa vumbi. Watu wa jukwaa la jua wanasema hachezi kwa bidii. Wajaribu kumtoa dakika kumi waone.

Udhaifu wake ni kadi. Akipitwa, na atapitwa kwa kuwa kasi hana, anashika jezi. Kwenye kaunta hiyo ni njano ya wazi. Inabidi namba nane, kiungo mwenzake, akae naye, asipande na winga kila shambulizi, na hapo ndipo tunapokuja kwenye kesi yenyewe. Alama 9.

Winga amekuja na sifa za ndondo, mechi za mitaani, na sifa hizo ni za kweli. Ana mguu mwepesi, tobo zinatoka, uwanja unasimama. Wapo wanaosema mwakani atakuwa Ruangwa na Namungo. Wakumbuke tu Namungo ni timu ya namna gani: ilipanda Ligi Kuu 2019, na msimu wa 2020/21 ilikuwa hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika na Raja, Pyramids na Nkana, ikamaliza bila pointi hata moja. Hicho ndicho kipimo cha huko juu, hata kwa waliofika. Huku kwetu pia kuna wazee wanaomlinganisha kila winga na wale wa Ndanda ya hapa Mtwara, enzi timu ipo Ligi Kuu, 2014 hadi iliposhuka 2020. Tuwaachie.

Kinachotusumbua ni vitu vitatu, na vyote vinaonekana kwa macho. Akipata mpira anasimama kwanza. Anamsubiri beki aje ndipo ampige chenga, na anapomsubiri, mabeki wengine wawili wanarudi kwenye nafasi zao. Chenga inafanikiwa, kofi linapigwa, na mbele yake kuna ukuta. Pili, krosi zake zinagonga beki wa kwanza. Angalia mguu wa kuegemea: anauweka karibu mno na mpira na mwili umeelemea mbele, kwa hiyo mpira hauinuki. Ausogeze mguu huo pembeni kidogo, awe anainua macho kabla ya hatua ya mwisho, na majalo yatafika nguzo ya pili ambako straika wetu anapenda kukaa. Hilo linarekebishika ndani ya mwezi, akikubali kubaki baada ya mazoezi na mipira kumi kila siku. La tatu ni gumu zaidi: harudi. Akipokonywa anamlalamikia mwamuzi, na nyuma yake yupo yule wa mguu wa kulia anayekaba kushoto. Tunampanga mchezaji asiyerudi mbele ya beki asiye wa namba hiyo, upande mmoja. Kocha yeyote wa mkoa huu atatuma watu wake huko dakika 90.

Tungemtumia kuanzia dakika ya 60, beki wa wapinzani akiwa ameishiwa pumzi, na tungemhamishia kulia, ambako nyuma yake kuna mtu wa kumfunika. Alama 6 kama alivyo, 8 akianza kurudi.

Straika ni mchezaji wa kazi. Mgongo wake umeelekea goli, anapokea mpira kifuani, anaushusha, anampa mtu, anageuka. Mbele ya goli hana papara, ila anapiga kwa mguu mmoja tu. Suala lake kubwa ni karatasi. Amewahi kuandikishwa kwenye klabu ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, na mchezaji anayevuka kutoka shirikisho moja kwenda jingine lazima apate ITC, cheti cha uhamisho wa kimataifa, hata kama ni wa ridhaa. Si barua ya mwenyekiti wa klabu aliyotoka, wala picha ya leseni kwenye simu. Uongozi uhakikishe cheti hicho kimefika kabla jina halijaingia kwenye orodha ya mechi, kwa sababu wapinzani wetu wanajua kukata rufaa kuliko wanavyojua kupiga penalti, na pointi tatu za mezani zinauma. Alama 7, akiwa halali.

Waliobaki ni kipa wa akiba na vijana wawili wa kupandishwa. Kipa anadaka, hatoki golini. Vijana wapewe mechi za kombe.

Kabla pazia la usajili halijashuka, nafasi iliyobaki isipelekwe kwa mshambuliaji mwingine, hata kama kuna mfadhili anayesubiri malipo ya korosho ili amlete. Iende kwa beki wa kushoto mwenye mguu wake wa asili. Chikongola kuna wawili wanacheza ndondo kila jioni: mmoja ana krosi tamu, mwingine anashinda mipira ya juu na hana krosi kabisa. Tungemsajili huyo wa pili.