Siku moja Lisbon baada ya kruzi: nendeni mkaione dhahabu ya Kilwa

Kama kruzi yenu, yaani safari ya meli ya kitalii, inaishia Lisbon, Ureno, na ndege ni ya usiku, msikubali siku yote iishie kwenye tuk-tuk zinazowasubiri nje ya geti la bandari. Bei wanayotaja mwanzo ni ya kuwapima tu, na mzunguko wenyewe ni ule ule, mnapandishwa kilimani mnapiga picha mnashushwa. Mimi na mume wangu tulikataa tukaenda zetu kwa miguu na tramu na nasema kutoka moyoni hii ndo siku iliyokuwa tamu kuliko siku zote za melini.

Kwanza mizigo. Melini wanakutoa asubuhi mapema utake usitake, alafu hoteli huna, ndege bado sana, na mabegi manne yanakutazama. Duka moja la kutunza mizigo tulilipia mtandaoni tukafika tukaambiwa nafasi zimejaa, hela yetu ikarudi baadae sana baada ya kuandikiana meseji nyingi. La pili walitupokea vizuri. Ushauri wangu muwe na majina ya sehemu mbili tatu mkononi kabla hamjashuka, na msijaribu kabisa kuburuta mabegi kwenye mitaa ya Alfama, ile mitaa imewekwa vijiwe vidogo vyeupe vinavyoteleza na ni kupanda na kushuka mwanzo mwisho.

Alfama yenyewe iko hapo hapo juu ya bandari, huhitaji usafiri wowote. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya jiji, likaja na tsunami na moto, lakini Alfama ilisalimika kwa sehemu kubwa ndo maana vichochoro bado ni vile vya zamani, vyembamba kama vya Lamu, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu, bibi kakaa mlangoni anaongea na jirani wa dirisha la juu. Pandeni mpaka Portas do Sol, sehemu ya kutazamia mandhari, mkauone mto Tagus asubuhi kabla makundi hayajafika. Tramu namba 28 tuliiacha. Foleni pale inapoanzia, Martim Moniz, inakatisha tamaa na ndani mnabanana hadi wezi wa mifukoni wanafanya kazi kwa raha zao. Mkiitaka sana basi pandieni upande wa pili kule Campo de Ourique, huko foleni huwa nafuu.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Kuna jumba la makumbusho linaitwa Museu Nacional de Arte Antiga, liko njiani mkitoka katikati ya mji kwenda mtaa wa Belém, na wengi wa melini hawaendi kwa sababu halipo kwenye karatasi ya matembezi wanayogawiwa. Ndani kuna monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki wanaweka Ekaristi ionekane na watu, inaitwa Custódia de Belém. Urefu wake haufiki hata mita moja. Ni dhahabu iliyotiwa rangi za enameli, mitume 12 wamepiga magoti kwa kuzunguka, kila mmoja na sura yake na nywele zake, ukisogea karibu na kioo unaona mpaka mikunjo ya nguo. Na pale chini kwenye kitako kuna maandishi yanazunguka kwamba mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikamalizika 1506. Kilwa! Jina limechongwa hapo, wameliandika Quilua kwa herufi za zamani, unalisoma mwenyewe bila mtu kukutafsiria.

Mume wangu alisimama pale hatoki. Akaniambia mama, hii ni mali ya kwetu hii. Na ndivyo ilivyo, maana Vasco da Gama alirudi pwani yetu 1502 na meli za kivita, akamtisha sultani wa Kilwa mpaka akakubali kulipa kodi ya dhahabu, ikafika Lisbon 1503 ikageuzwa kuwa hiki chombo. Miaka miwili baadae, 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja akaipora Kilwa yenyewe na Mombasa akaichoma. Mimi magofu ya Kilwa Kisiwani nayajua, ila sikuwahi kufikiria kwamba kipande cha utajiri wake kinang'aa kwenye kabati la kioo Ulaya. Nilikasirika na nikafurahi kukiona, vyote kwa pamoja. Kilichonikera, mtembezaji aliyekuja na kundi lake alisifu ufundi tu, Kilwa hakuitaja hata mara moja, akawavusha. Kwahyo someni wenyewe kabla ya kwenda.

Mkitoka hapo pandeni tramu 15E mpaka Belém, chukueni tiketi ya saa 24 inawapa tramu, basi na metro pia. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa 1501 na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Kanisani kuingia ni bure, ua wa ndani ndo unalipia na tiketi kateni mtandaoni mapema. Nguzo zimechongwa kamba za meli, majani, wanyama wa baharini, kazi ya kushangaza kweli. Kaburi la Vasco da Gama liko kushoto ukiingia kanisani, kalala mikono kifuani anasali. Tulipiga picha moja tukasogea mbele.

Mnara wa Belém tuliuangalia kwa nje tu, inatosha. Vitumbua vya krimu vya duka la Pastéis de Belém, wako pale tangu 1837, hivyo msiviache, na msipange foleni ya nje, ingieni ndani kuna vyumba vikubwa vya vigae vya bluu, mnakaa mnaletewa vya moto, mnyunyizie mdalasini. Chakula cha mchana ndo kilituudhi, mgahawa mmoja ulituwekea mkate, zeituni na jibini mezani kabla hatujaagiza, tukala tukijua ni ukarimu, bili ikaja navyo vyote. Huko ndo utaratibu, ukigusa unalipa, kama hamtaki waambieni waondoe.

Kwenda uwanja wa ndege msihangaike na teksi, metro inafika mpaka pale pale, kutoka kituo cha Santa Apolónia mnapanda laini ya bluu mnabadilisha São Sebastião kwenda nyekundu. Na angalieni siku ya kushuka meli, makumbusho na monasteri Jumatatu vinafungwa, ikiwaangukia hivyo basi siku ipelekeni Alfama na kwenye ngome ya São Jorge.