TAHADHARI: Shakeli za springi za "rangi ya pauda" kwa oda, msitume hela kabla ya kusoma hapa

Wakuu, hasa wenye Canter, Fuso na Hilux za mizigo.

Kuna jamaa anajitangaza WhatsApp na Instagram kwamba anatengeneza nyumbani kwake vifaa vya springi kwa oda: shakeli ndefu za kuinua gari (shakeli ni vile vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na chesisi), braketi, sahani za yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli). Anasema anazipaka rangi ya pauda, yaani rangi ya unga mkavu unaoyeyuka na kushika ukiokwa, na kuzioka kwenye tanuri lake mwenyewe. Jina la akaunti hubadilika, kwa hiyo shikeni mbinu zake.

Mteja wangu aliniletea shakeli zake gereji baada ya moja kukatika kwenye Canter ikiwa na mzigo wa viazi. Kwa macho ni kifaa cha dukani kabisa, nyeusi inang'aa. Nikapitisha kitambaa chenye thina, kikatoka cheusi tii. Rangi ya pauda iliyoiva sawasawa haitoki hivyo. Nikapiga grainda kidogo kwenye maungio: chini ya rangi kuna puti, ile ya kuziba mabonde ya bodi! Hapo uongo wa tanuri ukaisha wenyewe, maana pauda huokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, na puti ya kawaida ya bodi haivumilii moto huo. Hiyo ni rangi ya kopo tu.

Baada ya kutoa puti ndipo nikaona kazi yenyewe. Welding imelalia juu ya chuma, haijazama, imejaa vitundu kama maandazi yaliyozidi hamira. Bamba alilouza kuwa ni la milimita 10, vania (kipimo cha unene) inasoma 6. Tundu la pini halikutobolewa kwa drili, limekatwa kwa moto, halina hata uduara, ndiyo maana bushi ilikuwa inacheza. Mtu anabebesha kitu hicho tani kadhaa kuteremka mlima Kitonga!

Sina ugomvi na wanaofanya kazi nyumbani. Nawajua mafundi wa uani wanaochomelea vizuri kuliko karakana zenye mabango. Fundi wa kweli hukuonyesha chuma kikiwa kitupu kabla ya rangi, kwa sababu rangi haiongezi nguvu hata chembe, inazuia kutu na kupendezesha. Huyu ukimwomba picha ya chuma kitupu anakwambia "mzigo umeshaingia kwenye tanuri, bosi". Kila mteja anaambiwa hivyohivyo. Na hata pauda halisi haipaswi kuwepo pale nati za yubolti zinapokalia: rangi ikibonyea, nati inalegea. Zake zimepakwa kila mahali, mpaka tundu la grisi limezibwa.

Picha za karakana anazotuma si zake. Zitazameni ukutani: soketi ni za pini mbili bapa, za Kimarekani, wakati yeye anadai yuko Dar.

Malipo anataka arubuni ya zaidi ya nusu kwa simu, na jina linalotokea kwenye muamala si lile alilojitambulisha. Ukiuliza, ni "la shemeji". Mzigo unakuja kwa basi, ukilalamika unakula block. Wengine hata huo mzigo hawakuuona.

Kama unataka shakeli za kuchongesha, nenda mwenyewe kwa fundi, pima bamba, tazama maungio kabla ya rangi, salio ulipe mkononi.

Kama tayari umefunga za huyu jamaa, usipakie gari. Zivue leo, rudisha za zamani kama bado nzima au nunua nyingine. Zilizovuliwa usiziuze chuma chakavu: zihifadhi pamoja na meseji na risiti za muamala, upeleke polisi. Namba yake ya simu iripoti pia kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.