Lebo za GS1 kwenye vifaa tiba: uzoefu wangu nikiwa fundi wa hospitali Dodoma

Naanza na hukumu: lebo hizi za bakodi, zinazofuata viwango vya shirika la kimataifa la GS1, zinafaa. Ningepewa nafasi ya kuchagua kati ya mashine moja mpya na mfumo huu kwa vifaa vyote tulivyonavyo, ningechukua mfumo. Mimi ni fundi vifaa tiba katika hospitali moja ya hapa Dodoma. Monita, mashine za kuzalisha oksijeni, mashine za kufyonza, pampu za dripu, otoklevu za kutakasia vyombo kwa mvuke, vyote viko mikononi mwangu. Na kifaa nisichojua kiliko siwezi kukitengeneza.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena leja nene, na mali ilipotea vilevile. Tatizo lilikuwa namba zenyewe. Tulikuwa tukiandika kwa makapeni kitu kama WATOTO/OX/03, yaani mashine ya tatu ya oksijeni, wodi ya watoto. Usiku inaazimwa kwenda wodi ya wazazi, asubuhi hakuna anayeirudisha, lakini ubavuni bado inasema ni ya watoto. Ikifa na kuondolewa, mpya inayokuja inapewa namba ileile, na kuanzia hapo matengenezo ya mashine mbili yanasomeka kama ya mashine moja.

Namba ya GS1 inayoitwa GIAI, ambayo kila kifaa hupewa yake, haisemi chochote kuhusu wodi wala aina ya mashine, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Inaanza na tarakimu za taasisi, ambazo kwa sisi tuliosajiliwa GS1 Tanzania zinaanza na 620, kisha tunamalizia wenyewe, mradi yote isizidi herufi na tarakimu 30. Ndani ya bakodi inatanguliwa na 8004, ili skana ijue kinachofuata ni namba ya kifaa. Ikishabandikwa haipewi kifaa kingine. Wodi, mfadhili na tarehe ya kupokelewa vinakaa kwenye kompyuta, ambako vinaweza kubadilishwa. (Na hiyo 620 haimaanishi mashine imetengenezwa Tanzania! Inaonyesha tu namba imetolewa wapi. Nimesikia hata wauzaji wakilikosea hili.)

Wenzangu wameniuliza kwa nini tusitumie tu namba ya kiwandani. Kwa sababu viwanda viwili vinaweza kutoa namba inayofanana. Lakini usiidharau lebo ya kiwandani. Marekani ilianza kudai utambulisho wa vifaa tiba kwa kanuni ya 2013, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa ya 2017, kwa hiyo mashine mpya nyingi zinakuja na lebo inayotaja modeli na namba yake. Iskani siku ya kupokea, uiunganishe na namba yako. Mtengenezaji au TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ikitoa taarifa ya hitilafu ya modeli fulani, unazipata zote kwa dakika chache.

Kwenye milango ya wodi tumebandika namba ya mahali, GLN, yenye tarakimu 13. Sista akiazima mashine usiku anaskani mashine, anaskani mlango, basi. Zamani swali la kila asubuhi lilikuwa "Injinia, mashine yetu iko wapi?" na mimi nazunguka wodi hadi wodi. Siku hizi naangalia simu nikiwa pale pale namjibu.

Lakini faida kubwa kwangu imekuwa historia ya kifaa. Mashine ya oksijeni hupitisha hewa kwenye zeolaiti inayonasa nitrojeni, na WHO inataka oksijeni inayotoka isipungue asilimia 82. Kiangazi cha Dodoma mnakijua, vumbi linaziba vichujio usipovisafisha mara kwa mara. Kila ukaguzi naskani na kuingiza kipimo. Kuna mashine moja ilikuwa inashuka kidogo kidogo, kila mara ikiwa bado juu ya kiwango, huku ikihamahama wodi. Kwenye leja kila kipimo kingekuwa ukurasa tofauti. Chini ya namba moja niliuona mteremko wote, nikaitoa kabla haijawekwa kwa mtoto ikiwa dhaifu. Kwa hili peke yake naushukuru mfumo.

Sasa kasoro. Aliyetufungia mfumo alituletea lebo za karatasi inayochapwa kwa joto. Kwa spiriti, klorini na jua la dirishani, maandishi yalififia haraka na skana ikagoma. Dai lebo za poliesta zilizochapwa kwa utepe wa rezini. Pia chagua alama ya mraba ya GS1 DataMatrix badala ya mistari: inaenea kwenye pampu ndogo, na ikichubuka kiasi bado inasomeka. Vyombo vya upasuaji usivibandike kitu, maana mvuke wa nyuzi 134 unang'oa stika. Vyenyewe huchongwa alama kwa leza. Mitungi ya oksijeni inayokwenda kujazwa na kurudi ina namba ya aina yake, GRAI.

Kazi ya kubandika mara ya kwanza ni nzito, hilo nalisema wazi. Tulifungua stoo ambazo hazikuguswa muda mrefu, na humo tukakuta mashine za msaada kutoka Marekani za volti 110, wakati umeme wetu ni 230. Hazikuwahi kuwashwa. Mbili zilihitaji transfoma tu.

Kwa mlioko Kongwa, Mpwapwa au Manyoni na mnafikiria kuanza: anzeni na mashine za oksijeni na monita, vingine vitafuata. Hakikisheni programu inahifadhi kwenye simu mtandao ukikatika, kwa sababu utakatika. Na usajili wa tarakimu za GS1, pamoja na ada yake ya kila mwaka, uwe kwa jina la hospitali. Ukiwa kwa jina la muuzaji, siku mkiachana naye mtabandika upya kila kitu.