Rezini ya kokoto za bustani Tanga: anza na kopo la hadena

Malalamiko ya Raskazone na Chumbageni ni yale yale: njia ya bustani imemwagwa Ijumaa, Jumatatu imejaa vitundu vyeupe kama povu la sabuni lililokauka, ukisugua kwa kidole kokoto zinang'oka. Anayelaumiwa ni fundi, wakati mara nyingi ubovu umetoka dukani.

Rezini ni gundi ya kushikanisha kokoto, na hadena ni kopo la pili linaloigandisha. Hadena ya poliurethani, aina mojawapo ya rezini hizo, ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na ndiyo hayo mapovu. Si lazima mvua inyeshe. Kopo likikaa wazi, unyevu wa upepo wa bahari unatosha. Basi kabla ya kuuliza rangi wala bei, kagua kifuniko: kiwe hakijaguswa, na tarehe haijapita. Ukifungua ukakuta ngozi juu, au hadena imekuwa nzito kama uji, irudishe siku hiyo hiyo. Kuna wauzaji wanaovunja seti, yaani kopo la rezini na la hadena, na kukupimia hadena kwenye chupa ya maji ya kunywa, iliyosuuzwa na haijakauka, kisha bei wanayokutajia ni karibu ya seti nzima! Usikubali hata ukipunguziwa.

Rezini namba moja ni poliurethani ya alifatiki, ya makopo mawili. Jua haliigeuzi njano. Sifichi upendeleo wangu: RonaDeck ya Ronacrete, Uingereza, hata kama itabidi usubiri meli. Seti za aina hii kwa kawaida ni kilo 7.5 na hushika kokoto kavu kama kilo 100 hadi 110. Kwa njia ya miguu yenye unene wa milimita 15, hiyo ni takriban mita 4 za mraba. Njia ya mita 20 za mraba inataka seti tano. Usigawe seti kwa macho.

Ya pili ni epoksi. Ina nguvu na haitoi mapovu hayo, ila juani hugeuka njano, kwa hiyo iweke chini ya paa la baraza. Ya tatu ni poliurethani ya aromatiki: nayo hubadilika rangi, itumie kwenye kokoto nyeusi au za kahawia tu. Poliesta ya boti za faiba, achana nayo.

Kokoto ziwe za milimita 2 hadi 6. Za ufukweni zina chumvi, na chumvi huvuta unyevu; za chokaa, kama mawe ya Amboni, hufyonza rezini. Zianike kwenye turubai, tabaka jembamba, ukizigeuza kwa reki. Kisha tia konzi moja kwenye mfuko mwangavu wa plastiki, funga, uache juani nusu saa. Ukiona matone ndani, bado.

Zikishakauka, zikusanye jioni kabla ya umande na uzifungie kwenye ndoo zenye mifuniko. Changanya kesho yake kuanzia saa tatu asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali: muda wa kutumia mchanganyiko ulioandikwa kwenye kopo kwa kawaida umepimwa kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, na kila nyuzi joto 10 zikiongezeka unapungua karibu nusu. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu. Mchanganyiko ukianza kuvuta nyuzi kwenye mwiko, utupe, hata kama karai limebaki nusu.